Hermé wa Kalundu na Sauti Isiyozikwa

Herménégilde hakuzaliwa mwanamuziki. Alizaliwa mtoto wa mtu aliyechota changarawe mtoni Mulongwe, na kama angekuwa na akili ya kawaida angechota changarawe mpaka leo, maana Uvira, mji wa kando ya ziwa, watu hawaachi kujenga hata maji yakibomoa. Lakini kichwa chake kilikuwa na kelele. Tangu udogo alipiga ngoma juu ya kila kitu: bidoni za maji, mlango, mgongo wa shangazi yake. Shangazi, Mama Apollinarie, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, na huyo mama hakuwa mtu wa kupigiwa ngoma mgongoni. Alimchapa, akaacha, akamchapa tena, mwisho akachoka yeye.

"Bon, piga basi," akamwambia. "Lakini ukipiga, piga vizuri. Minye sitaki muntu wa kupiga vibaya mu nyumba yangu."

Watu wa Kalundu wakamwita Hermé. Kwenye nyimbo alijiita Gravier, ambayo ndiyo hiyo changarawe ya baba yake kwa Kifaransa.

Albamu yake ya kwanza ilikuwa hip hop tupu. Maneno makavu, ngoma nzito, hasira kutoka mwanzo mpaka mwisho: barabara mbovu, wasomi wasio na kazi, askari wa vizuizi barabarani. Aliirekodi Bukavu, kwenye studio ya bwana mmoja wa miwani nyeusi, na yule bwana kila wimbo ukianza alipaza sauti kutaja jina lake mwenyewe, na katikati akalitaja, na mwisho akalitaja tena. Albamu ilipofika Uvira, sifa zote zikaenda kwa yule bwana. Dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, alimuuliza Hermé uso kwa uso:

"Yule muntu wa Bukavu anaimba vizuri sana. Weye ulikuwa unamusaidia?"

Hermé alikaa siku nzima bila kula. Kisha akaapa kwamba ya pili ataitengeneza kwa mikono yake, kila ngoma, kila neno, bila kupigia mtu magoti. Na alipoapa, aliapa kweli. Alijifunza kompyuta, ile wanayoita mashini, akajifunza kupanga sauti, akafunga godoro la zamani ukutani ili mwangwi usirudi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi. Vyumba vya mbele ziwa lilikuwa limeshavila, lilipopanda na kukataa kushuka. Ukuta wa chumba ulishikana na kinu cha kusaga cha jirani, na kinu kikinguruma hata mikro, kipaza sauti chake, haikufaa kitu. Kwa hiyo alirekodi Jumapili, kinu kikinyamaza, watu wakitoka misa. Mama Apollinarie alilalamika kwamba siku ya Bwana si ya makelele, lakini alikuwa akiweka kiti chake karibu na dirisha la kile chumba, na hakuwahi kukihamisha.

Aliyeleta dancehall mle ndani ni Providence.

Provi alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Félicité, muuza samaki wa bandarini Kalundu. Alifanya kazi kwenye boti ya kapiteni Ushindi, ile inayokwenda Mboko na Baraka: kufunga mizigo, kukinga mvua kwa turubai, kuchota maji yanayoingia. Aliwahi kuimba kwaya, akafukuzwa kwa sababu alikuwa akipinda zaburi kama Mjamaika, na vibibi vya kiti cha mbele vikaanza kutikisa mabega. Sauti yake ilikuwa na mchanga kidogo chini na maji juu. Alipokuja mara ya kwanza kwa Hermé, alisikiliza nyimbo kavu zile, akatikisa kichwa.

"Kaka, hip hop yako ni kama hotuba ya chefu wa kartie, mukubwa wa mtaa. Watu wanasimama, mikono nyuma, wanangoja umalize."

"Na dancehall yako?"

"Yangu wanakuja na kiuno."

"Kiuno hakina masikio."

"Kiuno ndiyo kinasikia mbele! Shangazi yako juzi alikuwa anatwanga majani ya sombe, nikaimba kidogo, muchi ukaanza kunifuata."

Sauti ikatoka nje ya dirisha: "Provi! Minye nakusikia! Acha kiuno changu!"

Walicheka mpaka wakaharibu rekodi ya siku ile, na Hermé hakuifuta.

Hivyo ndivyo albamu ya pili ilivyopata mwili. Hermé anaanza kwa maneno yake mazito, kama mtu anayesogeza mawe, halafu ngoma inageuka, inaruka, na Provi anaingia. Zaidi ya nusu ya nyimbo zilikuwa hivyo. Mmoja ulikuwa wa watu wa boti, wanaorudi nyumbani na njaa baada ya safari, na kiitikio alikitunga Provi mwenyewe: "Mama weka chungu, niko nafika. Mama weka chungu, naona Kalundu."

Boti ya Ushindi ilipinduka mbele ya Makobola, saa za mchana, upepo ulipotoka upande wa Burundi bila kubisha hodi. Abiria walishika bidoni, walishika mbao, walishikana wenyewe. Wavuvi wakawaokota mmoja mmoja. Ushindi aliokotwa. Boti yenyewe ikavutwa na kutengenezwa. Provi hakuonekana. Watu wa ukoo wake na Hermé walitembea kando ya ziwa mpaka Mboko wakiangalia kila kilichotupwa mchangani, wakarudi na kandambili ya mtu mwingine.

Watu wa pale wana desturi yao kwa yule ambaye ziwa limemchukua na halikumrudisha. Wanakata mgomba kwa urefu wake, wanauvika nguo yake, wanauzika kama mtu, wanamlia kama mtu. Hapo kilio kinapata mwanzo. Mwaka unakwenda bila ngoma katika ule ukoo, ukitimia wanaondoa kilio, watu wanakula, wanacheza, wanaendelea kuishi. Bila mgomba, hakuna mwanzo, na kisicho na mwanzo hakiishi.

Mama Félicité alikataa mgomba. Mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba huko Kigoma aliona kijana, sura ile ile, anabeba mizigo. Hilo likamtosha. Evariste, baba mdogo wa Provi, alishuka kutoka Lemera mara nyingi kumbembeleza.

"Shemeji, zika, moyo upumzike."

"Nizike mugomba, halafu mwanangu afike jioni akute kaburi yake? Atanisalimia namna gani?"

Evariste akapanda kilima akarudi kwake.

Na Hermé alibaki na sauti.

Ilikuwa mle ndani ya mashini, yote. Si kuimba peke yake. Kukohoa, kuomba maji, kusema "Hermé, rudisha nyuma kidogo, hapo nilidanganya." Mwanzoni hakuweza kuifungua. Kisha Jumapili moja alifungua, kinu kimenyamaza, na kutoka siku ile hakufanya kazi nyingine. Alisafisha sauti ya rafiki yake kama mtu anavyopasua samaki wa mgeni wa heshima. Aliizungushia ngoma, akaitoa, akaizungushia nyingine. Akili yake ilimwambia mambo mawili kwa wakati mmoja. Moja: hii ni kazi ya Provi pia, ukiiacha unamuua mara ya pili. Pili: bila Provi huna albamu, unabaki na hotuba za chefu wa kartie. Ni lipi lilikuwa na nguvu zaidi, yeye mwenyewe hakutaka kujua. Kule Bujumbura vijana walikuwa wameanza kuchanganya hip hop na dancehall, na kila mwezi alisikia wimbo mpya unaoukaribia mtindo wake. Akaenda redioni akatangaza kwamba albamu inakuja kabla ya mvua.

Mama Apollinarie alimngoja mlangoni.

"Nimesikia radio. Umemuomba mama yake?"

"Nitamuomba kazi ikiisha, shangazi."

"Ikiisha! Mwizi naye anaomba akisha kubeba?"

"Si wizi. Tuliifanya pamoja."

"Basi nenda umwambie hivyo. Njia ya bandari unaijua."

Aliijua, lakini alikuwa ameacha kuipita. Kila alipopita, Mama Félicité alisimama juu ya beseni lake na kumuuliza: "Hermé, kuko habari?" Na uso wake ulikuwa tayari kufurahi. Mwanaume anaweza kuvumilia kutukanwa. Uso kama ule hauvumiliki. Kwa hiyo Hermé alizunguka kwa njia ya juu, kwenye tope, akajiambia ni kwa sababu ya mazoezi.

Sasa, wimbo hauzaliwi redioni Kalundu. Unazaliwa kwenye boti. Boti kubwa zinazotoka kusini zina bafle, spika kubwa, mbele, na boti ikiingia bandarini kapiteni anapiga wimbo aliouchagua, kwa nguvu, ili watu wajue nani amefika. Wabeba mizigo wanaushika, madereva wa moto wanawauliza, kesho yake umo kwenye kadi za simu za mji mzima. Msanii asiye na bwana wa kumsukuma anamtafuta kapiteni. Hermé alimtafuta Ushindi, akampa fulashi yenye wimbo wa chungu.

Ushindi aliisikiliza ameinamisha kichwa. Tangu ajali alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mama yake anauza pale pale, Hermé."

"Anauza asubuhi. Samaki ikiisha anapanda soko ya Mulongwe. Weye unaingia saa sita. Hatakuwepo."

"Uko hakika?"

"Minye nimekulia hapa."

Amekulia pale, ndiyo, na bado alisahau mwezi. Kijana wa Kalundu kusahau mwezi! Wavuvi wa ziwa lile wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu. Siku hizo wauza samaki hawana samaki wa asubuhi. Wanakaa bandarini kungoja boti za kusini zilete samaki wakavu wa Baraka. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Lakini Hermé alikuwa amejifungia na godoro lake, hakumbuki hata mara ya mwisho alipoangalia juu.

Alisimama nyuma ya malori ili asikie wimbo wake unavyoingia. Boti ikatokea, ngoma ikaja juu ya maji, na wabeba mizigo wakainua vichwa. Maneno yake yakapita, mazito, mazuri, akafurahi. Ngoma ikageuka. Provi akaingia.

"Mama weka chungu, niko nafika."

Mwanamke mmoja kati ya wale waliokaa na mabeseni akasimama. Hermé alimjua kwa kitambaa kabla ya uso.

"Provi!" Mama Félicité aliita. "Provi wangu! Niko hapa!"

Akatupa beseni, akakimbia, akaingia ziwani na nguo zake zote, mikono mbele. Watu wengine walianza kucheka, wakidhani mama amependa ngoma. Kisha aliyemjua akamwambia asiyemjua, kicheko kikakatika. Maji yalimfika kifuani na bado alikwenda. Na Ushindi, kule mbele ya boti, alitafuta mahali pa kuzima asipaone, na wimbo ukarudia, maana hivyo ndivyo Hermé alivyoutengeneza, urudie: Mama weka chungu, naona Kalundu. Mpaka mtu mmoja akang'oa nyaya za betri.

Mama Félicité alishika ubavu wa boti.

"Iko wapi? Mushushe. Mbona hamumushushi?"

"Mama," Ushindi alisema, "ni muziki."

"Muziki gani? Ile ni sauti ya mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Ni sauti yake."

"Sasa yeye?"

Ushindi alijitupa majini, akamshika mikono, akamrudisha nchi kavu. Hermé aliyaona yote kutoka nyuma ya malori. Hakutokea. Alitembea kuelekea upande mwingine.

Ubaya wa jambo lile ni kwamba wimbo ulipendwa. Kufikia Ijumaa ulikuwa kwenye moto zote, kwenye saluni, kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na parokia. Mama Félicité aliacha kwenda bandarini, kisha akaacha kutoka nje, kwa sababu kila njia aliyoshika ilikuwa na mwanawe anayesema yuko karibu kufika. Wauza samaki wenzake walimvizia Hermé na kumpata.

"Gravier! Umetutegea maiti yenye bafle!"

"Kesho utaimbisha nani? Bibi yako?"

"Mwacheni, star huyo. Anangoja tufe tumupe kiitikio."

Alikwenda kwa madereva wa moto, akawaomba wazime. Mmoja akamwangalia kama mgonjwa.

"Muntu anaomba wimbo yake isipigwe? Weye ni wa kwanza mu Uvira yote."

Nyumbani, Mama Apollinarie hakumgombeza. Alimwekea chakula akarudi jikoni.

Jumapili, watu wametoka misa, Mama Félicité alikuja. Hermé alisikia sauti za akina mama wawili uani, salamu ndefu ya taratibu, kisha mlango ukafunguliwa. Alikuwa amekonda. Alitazama godoro ukutani, mikro, waya, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pale pale Provi alipozoea kukaa. Hermé alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilipashwa kuja kwako mbele."

"Ulipashwa. Amka. Nisikilizishe."

Akaufungua ule wimbo. Haukufika mbali.

"Toa ngoma."

"Mama?"

"Ngoma si yangu. Toa. Nataka mutoto."

Akazizima ngoma moja baada ya nyingine, na maneno yake mwenyewe akayazima, ikabaki sauti peke yake, uchi kabisa. Mama Félicité alisikiliza amefumba macho. Hermé alimsikilizisha mengine: kukohoa, kuomba maji, ile siku ya muchi na kiuno. Mwanawe alipocheka, midomo ya mama ilisogea.

"Hapa alikuwa anacheka nini?"

"Alikuwa anamucheka shangazi."

"Alikuwa na mudomo mbaya," Mama Apollinarie alisema kutoka dirishani.

Walisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo Mama Félicité akauliza alichokuja kuuliza. Aliuliza polepole, akimwangalia Hermé na uso ule, ule ule uliokuwa tayari kufurahi.

"Hii, aliimba nyuma ya boti kuzama?"

Hermé hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alitamani ardhi impasukie. Siku zote hizi alidhani mama amejifungia kwa hasira. Kumbe alikuwa amekaa na hesabu yake: ikiwa wimbo ni mpya, na sauti ni ya Provi, basi Provi ameimba baada ya ajali, mahali fulani, na Hermé anajua ni wapi.

"Hapana, Mama. Ilikuwa mbele. Zote zilikuwa mbele ya ile safari."

"Zote."

"Zote."

"Na nyuma ya ile safari huna hata moja? Hata amekohoa tu?"

"Sina, Mama."

Mama Félicité aliinamisha kichwa. Jirani alikuja kujaribu kinu chake, kikanguruma kidogo, kikazimika. Mama hakulia. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtu mwingine, mzee zaidi, na Hermé alijua kwamba hatamwona tena yule wa kwanza.

"Mwite Evariste," alisema. "Alete mugomba. Na weye utaniletea hii sauti, iwekwe ndani pamoja naye. Nguo zake minye nilishazifua zote, nikisema akirudi avae safi. Nilifua mpaka harufu yake ikaisha. Imebaki hii tu yenye haijafuliwa."

Evariste alishuka kutoka Lemera na mgomba umefungwa kwenye moto nyuma ya dereva, umefunikwa shuka, na watu njiani walivua kofia. Makaburini, juu ya Kalundu, wakaona ni mrefu mno. Wakauliza Provi alikuwa na urefu gani. Kila mtu akamtazama Hermé, kwa sababu wale wawili walikuwa wakivaliana suruali.

"Lala hapa," Evariste akamwambia.

Akalala chini kando ya mgomba, uso juu, wakampima, wakaukata pale visigino vyake vilipofika. Akainuka. Wakauvika shati jeupe. Kisha Mama Félicité akanyoosha mkono, na Hermé akatoa mfukoni diski nyeusi ya kuhifadhia sauti, ndogo kama kipande cha sabuni, akaiweka juu ya lile shati, upande wa kifua.

Mama aliiangalia kidogo.

"Yote iko humu?"

Angeweza kusema ndiyo. Pale makaburini hapakuwa na mtu wa kumkana. Padri alikuwa amefunga kitabu, Ushindi alikuwa ameshika koleo, na kule nyumbani, ndani ya mashini, sauti yote ilikuwa bado imekaa, diski ikiwa nakala yake tu. Alikuwa amejiambia kwamba mama hatauliza. Hajui mambo hayo. Sasa alikuwa ameuliza, na neno moja lingempa albamu yake kabla ya mvua.

"Hapana, Mama. Ingine iko kwa mashini. Na ile ya boti imeshatawanyika, siwezi kuirudisha."

Watu walinung'unika. Evariste alipaza sauti: "Mushenzi! Hata hapa kwa kaburi unafanya ujanja?"

"Mwache aseme," Mama Félicité alisema. "Kwa nini ulificha?"

"Niliogopa. Nikiipoteza, nabaki na sauti yangu peke yangu."

"Na minye nilibaki na nani?"

Hermé akasogea nyuma, akampisha Ushindi na koleo.

"Fukieni," mama akasema. Wakafukia.

Baadaye, uani kwa Mama Félicité, wakaleta maji na wembe. Ndugu wa marehemu wananyolewa siku ile, na aliyenyolewa amefungwa na kilio: haimbi, hachezi, hapigi ngoma mpaka mwaka utimie. Evariste akanyolewa, na watoto wake. Mama Félicité akapangusa wembe na kukigeukia kikundi cha vijana waliosimama mlangoni.

"Hermé. Kuja ukae."

"Shemeji, huyu si wa ukoo," Evariste alisema.

"Si wa ukoo, lakini ameshika kitu ya mwanangu na ameniambia mbele ya watu kwamba haachilii. Sawa. Kama anashika, akae nasi. Kama si ndugu, aende sasa hivi alete hiyo mashini, tuivunje."

Ushindi alisogea karibu, akasema kwa upole: "Mama, ametangaza albamu kwa radio. Ukimunyoa hawezi kuimba mwaka muzima. Watu watamusahau."

"Najua."

Hermé alijua pia. Mwaka ni mrefu katika kazi ile. Wale vijana wa Bujumbura wangetoa zao, na zake zikitoka watu wangesema ameiga. Nywele zake za rasta alikuwa amezisokota tangu albamu ya kwanza, zilimfika mabegani, na hata polisi waliomkamata wakati fulani hawakuthubutu kuzikata. Alimtafuta shangazi yake kwa macho. Mama Apollinarie alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono kifuani, na safari hii hakumsaidia hata kwa kope.

Akaenda akakaa kwenye kigoda.

Mama Félicité hakuwa na mkono mwepesi. Alikata rasta moja moja kwa wembe, akivuta, na zilianguka kwenye udongo na kulala pale kama vitu vilivyokuwa hai. Alimjeruhi sikio kidogo na hakuomba msamaha.

"Mwaka ukitimia tutaondoa kilio," alisema akiendelea. "Siku ile utapiga weye, hapa hapa, watu wacheze. Nyimbo zote mulizofanya na Provi, piga. Toa albamu yako, uende nayo mpaka wapi sijui. Ile ya chungu usiweke."

"Mama, ile ndiyo watu wanaipenda."

"Nimesikia."

"Bila ile, albamu..."

"Ile aliniimbia minye."

Hermé alifungua mdomo. Ilikuwa nzuri kuliko zote, ndiyo iliyokuwa mlango wa albamu nzima, na alitaka kumweleza hivyo, taratibu, kama mtu mzima na mtu mzima. Wembe ulikuwa umefika kisogoni.

"Inamisha kichwa," Mama Félicité alisema.

Akainamisha.